Redio: Mbegu ya Kutawanya

Ndugu mkulima, neno "redio" unalitamka kila siku bila hata kulifikiria. Ukisema "nipe redio yangu", una maana ya kile chombo kilichotundikwa ukutani au kufungwa kwenye usukani wa baiskeli. Ukisema "redio imetangaza", una maana ya watu walioko studio Dar es Salaam. Askari wa hifadhi pale Mikumi akisema "niite kwa redio koli", ana maana ya kitu kingine tena, kwa sababu yeye husikia na pia hujibu. Na pale kijiweni, habari isiyojulikana ilikotoka tunasema imeletwa na redio mbao. Neno ni moja, maana ni nne.

Leo tulichambue neno hilo, na historia yake pamoja. Si kwa ajili ya kupiga soga. Mkulima anayejua redio ni kitu gani na imetoka wapi ndiye anayejua aitumie kwa jambo lipi, na kwa jambo lipi asiitegemee peke yake. Hiyo ni tofauti ya magunia ghalani.

SPOKI ZA BAISKELI

Tuanze na neno lenyewe. Limetoka mbali, katika lugha ya Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa Warumi neno "radius" lilikuwa na maana ya spoki ya gurudumu. Pia lilikuwa na maana ya mwali, kama ule wa jua unaopenya kwenye tundu la paa asubuhi. Hebu tazama gurudumu la baiskeli yako. Spoki zote zinaanzia kitovuni, na kila moja inaelekea upande wake mpaka ukingoni. Wataalamu walipogundua njia ya kutuma habari hewani pande zote kwa mara moja, neno hilo likawafaa: kitovu kimoja, miali mingi.

Sasa linganisha na neno letu "simu". Hilo tumelipata kutoka Kiajemi, na huko maana yake ni waya. Simu za kwanza kufika nchini kwetu zilikuwa za waya kweli. Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikapita hapa Kilosa, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Nguzo na nyaya za simu zilipita kando ya reli. Ilipokuja habari isiyohitaji waya, wazee wetu waliiita "simu ya upepo". Jina zuri sana, maana lilieleza kitu kwa kile kinachoonekana: habari inafika na hakuna waya.

Na hapa kuna jambo la kuchekesha kidogo. Simu ya mkononi uliyonayo mfukoni haina waya. Kwa ukweli ni redio ndogo, inatuma na kupokea mawimbi kutoka kwenye mnara. Lakini tunaiita "simu", yaani waya. Maneno huwa na tabia hiyo: kitu kinabadilika, jina linabaki. Ndiyo maana si vizuri kuamini jina peke yake, na jambo hili tutalirudia tutakapofika kwa viwavijeshi.

KUTANGAZA NI KUPANDA

Tunasema redio "inatangaza". Kutangaza ni kufanya jambo litangae, yaani lienee na lijulikane. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mbiu, na bado tunasema la mgambo likilia lina jambo. Waingereza nao walipotafuta neno la kazi ya redio, walikwenda kulichukua shambani. Neno lao "broadcast" lilikuwa la wakulima kabla halijawa la watangazaji. Maana yake ni kupanda kwa kutawanya: mtu anajaza mbegu katika kikapu, anatembea shambani, anazirusha kwa mkono kulia na kushoto.

Wewe unaijua njia hiyo. Ndivyo wengi walivyopanda ufuta, ulezi na mpunga, na wapo wanaopanda hivyo hadi leo. Faida yake ni nini? Ni ya haraka, na mtu mmoja anamaliza eneo kubwa kwa siku moja. Na hasara yake? Mbegu nyingine inaangukia mwambani, nyingine inaliwa na ndege, nyingine inasongamana mahali pamoja. Palizi inakuwa ngumu, na mpandaji hajui ni mbegu ipi iliyoota na ipi imeoza. Kwa sababu hiyo sisi mabwana shamba na mabibi shamba tunakushauri upande mahindi kwa mistari, sentimita 75 kati ya mstari na mstari na sentimita 30 kati ya shimo na shimo, mbegu moja kila shimo.

Basi shika neno hili, ndugu mkulima, maana ndilo kiini cha somo letu: redio hupanda kwa kutawanya. Inafika kwa wengi, kwa haraka, kwa gharama ndogo. Lakini mtangazaji hawezi kujua neno lake limeangukia wapi. Palizi ni kazi ya wasikilizaji. Historia yote ya redio nchini kwetu inaonyesha hivyo: palipokuwa na palizi palikuwa na mavuno, na pasipokuwa na palizi sauti ilipita na upepo.

INAFIKAJE KILOSA?

Sauti ya mtu haina nguvu ya kusafiri. Kama mtu angeweza kupiga kelele Dar es Salaam ikasikika hapa, umbali wa karibu kilometa 300, sauti hiyo ingetumia kama robo saa kufika. Mawimbi ya redio husafiri kilometa 300,000 kwa sekunde moja, kwa hiyo hufika Kilosa kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kinachofanyika ni hiki: sauti hugeuzwa kuwa umeme, umeme huo hubebeshwa mawimbi, mlingoti huyarusha, na redio yako huyanasa na kuyageuza kuwa sauti tena. Ni kama mzigo uliopakiwa kwenye gari moshi na kushushwa stesheni.

Pengine umewahi kujiuliza kwa nini stesheni za mbali za masafa ya kati na masafa mafupi husikika vizuri zaidi usiku. Juu sana angani kuna tabaka lenye chembe za umeme zinazotokana na jua. Mawimbi hayo hugonga huko na kurudi chini, kama mpira unaodunda. Mchana, sehemu ya chini ya tabaka hilo huyanyonya mawimbi mengi. Jua likizama, sehemu hiyo hutoweka, na mawimbi hudunda mbali zaidi. Mitambo ya FM ni tofauti. Sauti yake ni safi, lakini mawimbi yake huenda kama macho yanavyoona, hayapandi mlima na kushuka upande wa pili. Kwa hiyo mtu aliye mahali pa wazi anaweza kupata stesheni ya FM vizuri, na mwenzake aliye nyuma ya safu za Rubeho au Vidunda akasikia mkwaruzo tu. Redio yake haina ubovu. Ni mlima umesimama njiani.

KUTOKA VITA MPAKA SUFURIA

Mwaka 1865 mtaalamu wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alionyesha kwa hesabu kwamba mawimbi ya namna hii lazima yapo. Kati ya mwaka 1887 na 1888 Mjerumani Heinrich Hertz akayafanya na kuyanasa kwa vyombo. Kisha Mwitaliano Guglielmo Marconi akayatia kazini. Tarehe 12 Desemba 1901 alinasa Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, mlio wa herufi moja tu uliotumwa kutoka Uingereza.

Angalia vizuri matumizi ya kwanza yalikuwa yapi. Hayakuwa ya kutawanya. Mmoja alituma, mwingine alipokea, kama simu: meli na bandari, jeshi na jeshi. Hapa kwetu pia redio iliingia hivyo. Wajerumani walijenga mitambo ya simu ya upepo Mwanza, Bukoba na Dar es Salaam kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Vita ilipoanza, mtambo wa Dar es Salaam ulikuwa kati ya vitu vya kwanza kutafutwa na adui. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iitwayo Astraea ilipiga mizinga pale kwa sababu yake, na mlingoti ukaanguka siku hizo hizo. Mkulima wa Usagara au Ukaguru hakuambiwa lolote na mtambo ule. Aliona tu watu wakichukuliwa kuwa wapagazi, na mwaka 1916 akaona majeshi yakipita Kilosa.

Redio ya kutawanya, yaani ya kila mwenye masikio, ilianza kushika kasi miaka ya 1920 Marekani na Ulaya. Tanganyika ilisubiri muda mrefu. Matangazo ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na mwanzoni mtambo ulikuwa mdogo, ukisikika mjini na karibu yake tu. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali ikachukua utangazaji moja kwa moja, na hapo ndipo likazaliwa jina ambalo wazee wengi bado wanalitaja kwa mapenzi: Radio Tanzania Dar es Salaam. Kazi hiyo sasa iko chini ya TBC.

Lakini mtambo bila chombo cha kupokelea ni sawa na mvua juu ya jabali. Redio za zamani zilikuwa kubwa na za bei kubwa, zilikula umeme au betri nzito, na mkulima hakuweza kuzinunua. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, walilitazama tatizo hilo mapema. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa huko redio ya betri kwa ajili ya watu wa kawaida, na kasha lake lilikuwa la mviringo kama sufuria, limepakwa rangi ya buluu. Watu wakaiita hivyo hivyo, redio ya sufuria. Bei yake ilikuwa pauni tano, bila betri. Bado ilikuwa fedha nyingi kwa kibarua, lakini ilikuwa mara ya kwanza mtu kujiuliza: mwanakijiji atasikilizia wapi?

Jibu kubwa zaidi lilitokana na transista, kidude kidogo kilichovumbuliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947. Kuanzia mwaka 1954 zikaanza kuuzwa redio za transista, ndogo, nyepesi, zinazotumia betri za kawaida. Miaka ya 1960 na 1970 zikaenea vijijini kwetu. Hapo ndipo redio ilipotoka sebuleni kwa wakubwa ikaingia shambani, ikatundikwa kwenye mti wakati wa palizi.

WALIOPALILIA

Sasa tunafika penye somo lenyewe. Wakulima wa nchi nyingine waligundua mapema kwamba kusikiliza peke yako hakutoshi. Mwaka 1941 wakulima wa Kanada walianza vikundi vya kusikiliza redio. Majirani walikutana nyumbani kwa mmoja wao, wakasikiliza kipindi, wakajadili, wakaandika majibu na kuyarudisha. Wito wao ulikuwa soma, sikiliza, jadili, tenda. Mwaka 1956 India ikaijaribu njia hiyo karibu na mji wa Pune katika vijiji 150, ikaonekana inafaa.

Tanzania ikafanya hivyo kwa ukubwa ambao bado unatajwa duniani. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliendesha kampeni za redio na vikundi: mwaka 1969 Kupanga ni Kuchagua, mwaka 1970 Uchaguzi ni Wako, mwaka 1971 Wakati wa Furaha. Kisha mwaka 1973 ikaja kubwa kuliko zote, Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walishiriki, kwa wiki kumi na mbili. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza. Kila kikundi kilikuwa na kitabu. Walisikiliza kipindi juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara damu au kifua kikuu, wakasoma, wakazungumza juu ya kijiji chao wenyewe, wakaamua la kufanya, kisha wakalifanya. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu na maelfu, nyasi zikafyekwa, madimbwi yakafukiwa. Mwaka 1975, baada ya miaka ya njaa na ukame, ikafuata Chakula ni Uhai, na watu kama milioni moja na nusu wakashiriki.

Kwa nini zilifanikiwa? Sauti ya redio ilikuwa ile ile ya siku zote. Kilichoongezeka ni palizi. Kiongozi alikuwa mtu wa pale pale, anayejua kisima kipi ni kichafu. Kitabu kilibaki baada ya sauti kupita. Na watu waliulizwa: sisi hapa tufanye nini?

Mwaka huo huo wa 1973, mwezi Novemba, lilikuja tangazo la namna nyingine: kuishi katika vijiji ni amri. Watu wengi sana wakahamishwa katika miaka iliyofuata, wengine kwa haraka, wengine wakiacha mashamba waliyoyazoea na kupelekwa kwenye udongo wasioujua. Mkulima mwenye miaka mingi ya kuusoma udongo wake hakuulizwa kitu. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima, na hilo tusilisahau. Lakini tukiweka mambo hayo mawili ya mwaka mmoja pamoja, tunaona tofauti. Neno lililojadiliwa lilichimba vyoo ambavyo watu waliviona ni vyao. Neno la amri lilihamisha miili, lakini mioyo mingi ilibaki kule kwenye mahame.

SOMO LA VIWAVIJESHI, KILOSA

Mfano wa karibu zaidi uko hapa hapa wilayani kwetu. Viwavijeshi unawajua. Mama yao ni nondo arukaye usiku, akisukumwa na upepo mamia ya kilometa. Hutua penye mvua, hutaga mayai, na baada ya siku chache viwavi hutoka. Wakiwa wadogo ni vigumu kuwaona. Ukiwaona weusi, wakitembea kundi kama askari, ujue mahindi na malisho yamekwishaliwa sehemu kubwa. Kwa hiyo siku nne au tano za kujua mapema ndizo zinazotenganisha shamba na uwanja mtupu.

Kwa miaka mingi utabiri ulitoka mbali. Mitego ya nondo iliwekwa wilayani, hesabu zikapelekwa kituo cha Tengeru karibu na Arusha, wataalamu wakazitazama pamoja na mvua, kisha tahadhari ikarudi mikoani na redioni. Kazi nzuri, lakini ilikuwa mbegu ya kutawanya. Tahadhari ilitolewa kwa wilaya nzima, na wilaya yetu ni kubwa: mvua inanyesha Rudewa, Ulaya kumekauka. Tena ilipita mikono mingi njiani. Mkulima aliyesikia mara tatu na asione kiwavi, mara ya nne hakusimama kwenda shambani.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikajaribiwa njia nyingine, na mahali palipochaguliwa kuijaribia ni Kilosa. Mtego na kipima mvua viliwekwa kijijini. Wanakijiji wakachagua watu wao, wakafundishwa kuhesabu nondo na kupima mvua, na kutoa utabiri wa kijiji chao. Njia hiyo baadaye ikapelekwa wilaya nyingine na hata nchi nyingine, zikiwemo Kenya na Ethiopia. Umeona? Redio haikutupwa. Ilipewa mwenzake wa kijijini anayejua ni shamba lipi.

Na hapa ndipo jina linapoweza kukudanganya. Mwaka 2017 aliingia nchini mdudu mwingine, kiwavijeshi vamizi, kutoka mabara ya Amerika. Jina linafanana, tabia hazifanani. Yule wa zamani huja kwa kundi, hula, hupita. Huyu vamizi hukaa ndani ya moyo wa mhindi, shamba hata shamba, msimu hata msimu. Ukisikia redioni "viwavijeshi", uliza kwanza: ni wepi? Kwa vamizi usisubiri tangazo lolote. Pita shambani kila wiki tangu mahindi yakiwa machanga, fungua majani ya katikati, tafuta vitundu na kinyesi kama unga wa mbao.

MAMBO YA KUTAWANYA NA MAMBO YA KUDUNGA

Haya yote hayana maana ya kuidharau redio. Yapo mambo yanayotaka kutawanywa. Desemba 2009 mto Mkondoa ulipofurika, maelfu ya watu wa Kilosa walipoteza makazi, na reli ya kati ikakatika. Mto wa namna hiyo hujazwa na mvua za milimani. Wewe uliye bondeni unaweza kuwa unaanika mpunga juani, na maji yako njiani. Habari ya hatari kama hiyo haingojei mkutano. Inatakiwa kusikika kila nyumba kwa wakati mmoja, na hakuna chombo cha bei nafuu kinachofanya hivyo kama redio. Hali kadhalika utabiri wa masika, ruzuku ya mbolea, kuzuka kwa ugonjwa wa mifugo, na bei za masoko.

Mikumi tunajifunza matumizi ya pili, yale ya kuitana na kuitikiana. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Zambia inapita katikati yake. Askari hawezi kulinda eneo kama hilo kwa kusikiliza tu. Lazima aseme "nimeona" na mwenzake aseme "nimesikia". Tangu mwaka 2018 kumekuwa na mpango wa kuwavisha tembo wa eneo la Selous na majirani zake mikanda ya shingoni yenye redio, ili ijulikane wanaelekea wapi. Kwa mkulima wa kandokando ya hifadhi hilo si jambo la kitabuni. Tembo wachache humaliza kazi ya msimu kwa usiku mmoja. Lakini mkanda wa tembo unamsaidia mkulima pale tu habari inapofika kijijini, na kijiji nacho kinaporudisha habari ya kile kilichoona.

Kitu kinachoenea haraka hueneza na magugu pia. Mwaka 1993 na 1994, kwa jirani zetu wa Rwanda, kituo kiitwacho RTLM kilitumia redio kuchochea mauaji ya halaiki. Chombo kilikuwa kile kile kinachofundisha kupanda maharage. Sisi wa Kilosa tunajua chuki ya wakulima na wafugaji inafika wapi: Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, watu 38 walipoteza maisha. Kwa hiyo neno la uchochezi, liwe la redio yenye mtambo, la redio mbao au la simu ya mkononi, lipimwe kabla ya kupandwa. Mbegu yenye magugu haiingizwi shambani kwa sababu tu imetolewa bure.

LA KUFANYA

Ndugu mkulima, kwa kuwa sasa unajua neno hili limetoka kwenye spoki na kazi yake imetoka kwenye kikapu cha mbegu, nakuomba ufanye mambo matano.

Kwanza, msisikilize kila mtu peke yake. Watu kumi au kumi na watano, saa moja kwa wiki, redio moja. Hata betri mtachangiana.

Pili, muwe na daftari. Andikeni tarehe, kilichosemwa, na mtakachofanya. Sauti hupita, wino hubaki.

Tatu, pimeni kila shauri kwa udongo wenu. Kinachofaa bonde la Kimamba si lazima kifae mteremko wa Vidunda. Jaribuni kwanza kwenye kipande kidogo, mistari michache, na pembeni muache mistari ya njia yenu ya siku zote mpate kulinganisha.

Nne, jibuni. Mwiteni afisa ugani wenu, andikieni kipindi, pigeni simu. Mtangazaji asiyejibiwa ni mpandaji asiyerudi kuangalia shamba. Semeni hata pale shauri liliposhindwa, maana hilo ndilo linalofundisha zaidi.

Tano, msikiaji asiye na redio akumbukwe. Mara nyingi ni mama aliye jikoni au shambani wakati kipindi kinasomwa, na ndiye anayepanda na kupalilia sehemu kubwa. Pangeni saa inayomfaa yeye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika mambo mliyoyasikia redioni msimu uliopita, ni lipi mlilifanya na ni lipi lilipita tu? Kwa nini?
2. Habari ya mafuriko au ya tembo ikija usiku, inafikaje kwenye nyumba ya mwisho ya kijiji chenu?
3. Nani kijijini kwenu anapima mvua na kuhesabu wadudu? Kama hakuna, nani anafaa kuchaguliwa?
4. Ni swali gani moja mnalotaka lijibiwe redioni kabla ya masika? Liandikeni leo, na mlitume.

Nawatakia kazi njema na mvua za kutosha.